Matokeo yangu yameporomoka kabla ya kongamano: niende au nijiondoe?

Swali la msomaji: "Mimi ni mwanafunzi wa kike wa shahada ya uzamili hapa Kampala. Utafiti wangu unahusu kiolesura cha ubongo na mashine: mshiriki anavaa kofia yenye elektrodi nane, yaani vihisi vinavyonasa umeme wa ubongo, anawazia kusogeza mkono wa kushoto au wa kulia, na kompyuta inabashiri ni mkono upi. Nina washiriki watano, na kila mmoja alifanya majaribio 40 ya sekunde nne. Kila jaribio nililikata vipande vya sekunde moja, kila kipande kikianza sehemu ya kumi ya sekunde baada ya kilichotangulia. Kisha nikachanganya vipande vyote, nikatenga asilimia 80 vya kuifunza programu na asilimia 20 vya kuipima. Ilipata asilimia 92. Niliandika ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti, ikakubaliwa kuwa bango katika kongamano huko Ulaya. Mwezi uliopita nilijaribu mfumo papo hapo, mshiriki akiwa ameketi mbele yangu, ukapatia mara 22 kati ya 40. Wenzangu wanalaumu kifaa cha bei nafuu na nywele zetu, na wanasema siku hizi bila elektrodi za kupandikizwa ndani ya ubongo hakuna atakayenisikiliza. Msimamizi wangu anasema niwasilishe 92 kama ilivyo. Tena katika rekodi za mshiriki mmoja naona mawimbi makali yenye ncha, sijui kama nimwambie. Silali vizuri. Nijiondoe?"

Jibu:

Ndugu yangu, nitaanza na mshiriki mwenye mawimbi ya ncha, ingawa wewe umemweka mwishoni. Usimwambie kuwa ana kifafa, na pia usinyamaze. Mawimbi ya namna hiyo yanaweza kuwa dalili ya kifafa, lakini katika rekodi ya utafiti mara nyingi hutokana na elektrodi iliyolegea, kupepesa macho, au misuli ya taya ya mtu anayeuma meno kwa kujikaza. Kipimo cha hospitalini hutumia elektrodi zipatazo 19 au zaidi zilizoenea kichwa kizima, na daktari aliyefunzwa hukisoma sambamba na historia ya mgonjwa. Elektrodi zako nane hazikuwekwa kwa kazi hiyo. Chukua rekodi pamoja na fomu ya ridhaa aliyotia saini, umwone msimamizi wako na daktari wa mfumo wa neva. Hospitali ya Mulago si mbali nawe. Mwulize mshiriki mwenyewe, kwa faragha, kama amewahi kuzirai, kukakamaa au kupotewa na fahamu kwa muda mfupi. Akisema ndiyo, aende hospitali wiki hii hii, bila kusubiri uchambuzi wako uishe. Na usimweke kamwe mbele ya taa za kumetameta ambazo baadhi yetu tunazitumia katika fani hii, kwa sababu mwanga unaowakawaka, hasa mara 15 hadi 25 kwa sekunde, unaweza kuwasha degedege kwa mtu mwenye mwelekeo huo.

Sasa turudi kwenye 92 na 22. Nikiisoma barua yako vizuri, kinachokunyima usingizi si kwamba mfumo umeshindwa, kwa kuwa mifumo hushindwa kila siku. Unaogopa kwamba umetoa ahadi isiyo ya kweli pasipo kukusudia, na kwamba utaumbuka mbele ya wageni. Hofu hiyo ina msingi. Wenzako, hata hivyo, wamemkamata asiye mwizi: si kofia, wala si nywele.

Tuanze na kile ambacho elektrodi zako zinakisikia. Mtu akiketi ametulia, seli za gamba la ubongo zinazosimamia mkono huelekea kupiga kwa pamoja, mara 8 hadi 13 kwa sekunde. Fikiria umesimama nje ya ukuta wa nyumba yenye arusi: mazungumzo ya wageni huyapati, lakini mdundo wa ngoma unakufikia kwa sababu wapigaji wamekubaliana. Mtu akisogeza mkono wa kulia, au akiwazia tu kuusogeza, wapigaji wa upande wa kushoto wa ubongo hutawanyika, kila mmoja akashika shughuli yake, na mdundo hufifia. Akiwazia mkono wa kushoto, hufifia zaidi upande wa kulia. Tofauti hiyo ya kufifia ndiyo kompyuta yako inayoitafuta. Ni ishara ya kweli, lakini ni ndogo mno: umeme wote unaofika kwenye ngozi ya kichwa ni makumi tu ya maikrovolti, yaani sehemu za milioni za volti, na badiliko unalolitaka ni kisehemu cha huo. Kwa hiyo asilimia 92 kutoka kwa watu watano wasiokuwa na mazoezi ingepaswa kukusitisha hata kabla ya jaribio la papo hapo. Hans Berger, aliyerekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza kule Jena, Ujerumani, mwaka 1924, hakuchapisha hadi 1929, na sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa akijiuliza kama anachokiona kinatoka kwenye ubongo kweli.

Tatizo lako lipo katika sentensi uliyoiandika bila kuitilia maanani: "nikachanganya vipande vyote." Jaribio la sekunde nne, likikatwa kama ulivyolikata, hutoa vipande 31. Kipande na jirani yake vinashiriki sehemu tisa kwa kumi za data ile ile. Ulipovichanganya na kuvigawa, karibu kila kipande cha mtihani kilikuwa na pacha wake upande wa mafunzo. Huo ni mtihani uliovuja, ndugu yangu, na kila aliyesoma Uganda anajua mtihani uliovuja una thamani gani. Zaidi ya hapo, kila jaribio lina sura yake: jeli inayounganisha elektrodi na ngozi imekauka kidogo, mshiriki ameegemea kiti, jasho limeanza kutoka. Vipande vyote 31 vya jaribio moja vina sura hiyo moja na vina jibu moja. Programu haikuhitaji kujua chochote kuhusu mkono. Ilihitaji tu kulitambua jaribio, kisha ikumbuke jibu lake.

Unaweza kujihakikishia jioni moja tu. Chukua majaribio 40 ya mshiriki mmoja, na kwa kila jaribio rusha sarafu: upande mmoja uliite "kushoto", wa pili "kulia", bila kujali alichokuwa akikiwazia. Vipe vipande vyote vya jaribio hilo jina lililotoka kwenye sarafu, kisha rudia uchambuzi wako ule ule. Majibu sasa ni upuuzi mtupu, kwa hiyo programu ya haki itapata karibu nusu. Ikipata themanini na kitu, umemwona mwizi kwa macho yako. Ihifadhi grafu hiyo, kwa sababu nitakuomba uipeleke Ulaya.

Marekebisho yenyewe hayana ugumu. Gawa majaribio kwanza, kata vipande baadaye, ili jaribio zima liwe upande mmoja tu. Afadhali zaidi, funza kwa rekodi za siku moja na upime kwa za siku nyingine. Ukitaka kudai kwamba mfumo unamfaa mtu mpya, mtoe mshiriki mmoja kabisa kwenye mafunzo na umtumie yeye kwa kupimia, kisha ufanye vivyo hivyo kwa kila mmoja kati ya watano. Kumbuka pia kwamba kila hatua inayojifunza kutoka kwenye data, kama vile kuchagua elektrodi bora au masafa bora ya mawimbi, lazima iishie ndani ya upande wa mafunzo. Wanafunzi wengi hurekebisha mgawanyo wakasahau hili, na mtihani ukavuja tena kwa mlango wa nyuma.

Halafu kuna hesabu ya bahati. Ulidhani una mifano 1,240 kwa kila mshiriki, kumbe unayo 40. Kwa majaribio 40 yenye majibu mawili, mtu anayekisia tu anaweza kupatia 26 au zaidi, yaani asilimia 65, takriban mara nne katika kila mia. Kwa hiyo chini ya 26 huna haki ya kusema mfumo umejua kitu, na 22 zako ni kiwango ambacho mkisiaji hukifikia au kukipita karibu mara tatu katika kumi. Usiseme mfumo "umepata asilimia 55". Sema kwamba kwa mshiriki huyu, siku hiyo, haukutofautiana na kukisia.

Nikupe na aibu yangu, isije ukadhani nakuhubiria kutoka mlimani. Bango langu la kwanza nililipeleka kwenye kongamano nikiwa mwanafunzi kama wewe, nikiwa na kofia nzuri kuliko yako na majaribio mengi kuliko yako. Mama mmoja wa makamo alisimama, akaitazama ramani ya kichwa niliyoipaka rangi nyekundu mahali ambapo programu ilipata taarifa zake nyingi, akaweka kidole kwenye paji la uso la ile picha, akasema taratibu, "Haya ni macho." Nilikuwa nimewaonyesha washiriki mshale kwenye skrini, wa kushoto au wa kulia, nao wakaufuata kwa macho. Jicho ni kama betri ndogo, mbele chanya na nyuma hasi, na likigeuka husukuma umeme mkubwa kuliko wa ubongo hadi kwenye elektrodi za mbele. Mashine yangu ya kusoma ubongo ilikuwa inasoma macho. Mama yule hakunicheka. Alinieleza kwamba naye aliwahi kufanya hivyo, akanionyesha namna ya kuweka alama katikati ya skrini na kutumia sauti badala ya mshale, na maelekezo yale ya dakika kumi yaliniokolea tasnifu. Chunguza basi na upande huo: ramani yako ikiwaka mbele badala ya utosini, juu ya masikio, usifurahi.

Baada ya marekebisho yote haya, usitegemee kwamba namba ya mezani, ya data iliyokwisha kurekodiwa, na ya papo hapo zitalingana. Kofia ya leo haikai pale ilipokaa jana, uchovu hubadilisha mawimbi, na mtu anayeona kompyuta ikimkosea hukasirika, na hasira nayo ina umeme wake. Kuna pia watu, makadirio ya kawaida ni asilimia 15 hadi 30, ambao hawapati udhibiti wa kuridhisha katika mifumo ya aina hii hata wakiongozwa vizuri. Mazoezi ya vipindi kadhaa yenye mrejesho husaidia wengi wao, kwa sababu hapa mtu na mashine wanafundishana. Maelekezo nayo yana uzito. Ukimwambia mshiriki "wazia mkono", wengi huuona mkono kama picha. Mwambie ahisi anavyofinyanga matoke ndani ya jani la mgomba, vidole vikibonyea, na huenda ukaona mdundo ukififia vizuri zaidi. Hilo la matoke ni langu mwenyewe, lakini kuhisi mwendo badala ya kuutazama kwa jicho la akili ni jambo linalokubalika katika fani.

Kuhusu kifaa, elektrodi nane si aibu. Moja ya hifadhi za data zilizotumiwa sana kushindanisha mbinu katika fani hii ina watu 9 na jozi tatu tu za elektrodi, zikiwa juu ya maeneo ya mikono na katikati ya utosi. Muhimu ni mahali zilipo na jinsi zinavyogusa ngozi. Tumia betri, chomoa kompyuta kwenye soketi wakati wa kurekodi, na sogeza chaja za simu mbali, maana umeme wa ukutani wenye mapigo 50 kwa sekunde huingia kila mahali. (Rekodi zangu safi kuliko zote nilizipata mchana mmoja umeme ulipokatika mtaa mzima.)

Nywele ni suala la kweli, ingawa silo lililokuangusha. Kofia hizi zilibuniwa kwa kuwafikiria watu wenye nywele laini, zinazosogezwa pembeni kwa kijiti. Nywele zetu nzito huisukuma elektrodi juu, nayo jeli hujaza pengo kwa muda, kisha hukauka. Nimewahi kusikia watafiti wakiwaacha washiriki wenye rasta kwa sababu hiyo, jambo linalowatoa wanawake wengi katika utafiti kimyakimya. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walionyesha dawa ambayo msusi yeyote wa Wandegeya angewatajia: suka mistari ya twende kilioni inayoacha ngozi wazi pale elektrodi zinapokaa, na utumie vibanio vinavyoshikilia elektrodi chini ya misuko. Panga miadi ya saluni siku moja kabla, lipa wewe kutoka kwenye bajeti ya utafiti, na umwombe msusi asipake mafuta. Elektrodi ikigusa ngozi, hata ya bei nafuu itakutumikia.

Na zile za kupandikizwa? Ni kweli zimefika mbali. Mwaka 2006 kikundi cha BrainGate nchini Marekani kilionyesha mtu aliyepooza akiendesha kielekezi cha kompyuta kupitia kipande chenye sindano ndogo 100 katika mraba wenye upande wa milimita 4. Mwaka 2021 kikundi hicho kilitangaza mtu aliyeandika herufi 90 kwa dakika kwa kuwazia mwandiko wa mkono, na Januari 2024 kampuni ya Neuralink ikampandikiza mtu wake wa kwanza. Sindano hizo zimeingia ndani ya nyumba ya arusi, zinasikia mazungumzo. Kofia yako haitafika huko, na usiahidi kwamba itafika. Lakini zinahitaji kufungua fuvu, na mgonjwa kufuatiliwa kwa miaka. Kofia huvaliwa na kuvuliwa, na ndiyo maana utafiti wa kuwasaidia waliopata kiharusi kufunza upya mikono yao bado unaitegemea sana. Wala usiamini kwamba fani hii haina mahali kwetu: mwaka 2011 shirika la TReND in Africa lilianzia kozi zake za sayansi ya neva Ishaka, kule Bushenyi.

Tupime sasa njia zako. Unaweza kujiondoa, hutamkosea mtu, lakini utapoteza nafasi ya kuonana ana kwa ana na watu wanaoweza kukusaidia, na ikisiri yenye 92 itabaki kwenye kitabu cha kongamano bila maelezo. Unaweza kwenda na 92. Hilo sikushauri hata kidogo, kwa sababu mtu wa tatu atakayesimama mbele yako atauliza ulivyogawa data, na safari hii utakuwa unajua jibu. Au unaweza kwenda na ukweli: waandikie waandaaji sasa hivi kwamba uchambuzi umerekebishwa na hitimisho limebadilika, kisha tengeneza bango linaloweka namba mbili ubavu kwa ubavu, ya mgawanyo uliovuja na ya mgawanyo safi, pamoja na grafu ya sarafu. Ningekuwa wewe ningeongeza kitu kimoja. Kwenye hifadhi ya PhysioNet kuna rekodi za bure za watu 109, elektrodi 64, wakisogeza mikono na kuwazia kuisogeza. Fanya kosa lako makusudi kwenye data hiyo, kisha lirekebishe, uonyeshe namba inavyopanda na kushuka kwa watu wengi kuliko watano. Hapo bango lako litakuwa na jambo la kuwaambia hata wenye maabara kubwa, kwa maana kosa hili si la kwako peke yako.

Msimamizi wako mwendee na karatasi, si na shutuma. Mwonyeshe grafu ya sarafu, ukae kimya aitazame. Wasimamizi wengi waliofunzwa kabla ya mbinu hizi kuenea hawajawahi kuiona. Jina lake pia liko kwenye bango. Kama hata hivyo atasisitiza, muone mtakwimu wa chuo, kisha mratibu wa masomo ya uzamili, ana kwa ana na si kwa barua pepe. Na kama katika kusoma haya umegundua kwamba kibali cha kamati ya maadili ya utafiti au usajili wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia haujakamilika, simamisha kurekodi leo hadi ukamilike.

La usingizi usilidharau. Ikiwa umepita wiki mbili hulali, huli vizuri, au umeanza kuona heri usingekuwepo, nenda kwenye kitengo cha ushauri nasaha cha chuo au kwa daktari kabla ya kugusa data tena.

Mengine ni ya safari. Omba viza mapema kuliko unavyodhani inahitajika, na uwaulize waandaaji kuhusu punguzo la ada kwa wanafunzi. Shirika la IBRO, la kimataifa la utafiti wa ubongo, pia hutoa ruzuku za safari kwa wanasayansi chipukizi wa ubongo. Bango lichapishe Nasser Road, kwenye kitambaa na si karatasi, ulikunje ndani ya begi la mkononi. Bomba refu la karatasi ni usumbufu kwenye ndege, na likipotea na mizigo utasimama mbele ya ubao mtupu. Ukumbini usisome bango, wala usimgeuzie mgongo mgeni wako. Jizoeze kulieleza kwa dakika moja, ukianzia kwenye kosa: "Tulipata 92, na hivi ndivyo tulivyogundua kwamba haikuwa kweli." Atakayebaki baada ya sentensi hiyo ndiye uliyemfuata huko. Mwombe aitazame ramani yako ya kichwa, na akiweka kidole kwenye paji la uso, toa daftari uandike.